Kwa nini kunguni "hurudi" wiki mbili baada ya kupuliza dawa

Malalamiko ni yaleyale, awe ni mpangaji wa Manzese, mwanafunzi wa bweni Machakos au Mswahili aliyehamia ghorofani Minneapolis: nilinunua dawa, nikapuliza chumba kizima, nikalala raha siku kumi hivi, kisha nikaanza tena kuamka na vipele. Hapo watu hugawanyika. Wengine husema dawa ilikuwa feki, wengine humshuku jirani, na hawakosekani wanaosema kuna mkono wa mtu. Dawa feki zipo, na majirani wenye kunguni wapo. Lakini mara nyingi maelezo ni mepesi kuliko hayo: kunguni hao hawakurudi, kwa sababu hawakuondoka. Walikuwa humohumo chumbani, ndani ya mayai, na dawa haikuyafanya lolote yale mayai.

Ukishaijua kalenda ya huyu mdudu, mambo mengi yanayoonekana kama mkosi yanaanza kueleweka.

Mdudu mwenyewe

Kunguni huishi kwa damu tu. Hali makombo, hali mbao, hali uchafu. Haruki, hana mabawa ya kumwezesha, na hadundi kama kiroboto. Anatembea, na kwa mwendo wa mita moja hivi kwa dakika hilo linamtosha.

Wanaosumbua binadamu ni wa aina mbili. Cimex lectularius amezoea zaidi nchi za baridi, na Cimex hemipterus ni wa ukanda wa joto. Afrika Mashariki wote wapo, ila huyu wa pili ndiye mwenyeji wa pwani na nyanda za joto. Kwa macho matupu huwezi kuwatenganisha, na hakuna haja, isipokuwa kwa jambo moja: kunguni wa ukanda wa joto ana miguu inayoshika vizuri zaidi kwenye plastiki na kioo. Vile vikombe vya mtego vinavyowekwa chini ya matendegu ya kitanda, ambavyo watu huviagiza kutoka nje, vingi vilibuniwa kwa ajili ya yule wa nchi za baridi. Huyu wetu anaweza kuupanda ukuta wa kikombe akatoka. Kopo lenye maji ya sabuni linafanya kazi bora zaidi.

Kutoka yai hadi mzazi

Yai la kunguni lina urefu wa milimita 1 hivi, ni jeupe linalong'aa kidogo, na upande mmoja lina kifuniko kidogo ambacho mtoto hukisukuma anapotoka. Jike hulibandika kwa gundi yake mwenyewe: kwenye uzi wa mshono wa godoro, ndani ya tundu la skrubu, kwenye ufa wa chaga, nyuma ya kitakizo, mahali mfumbati unapoingia kwenye tendegu. Ukikung'uta shuka halidondoki. Ukifagia linabaki. Na dawa nyingi za kupuliza hazipenyi ganda lake.

Muda wa kuanguliwa unategemea joto la chumba. Kwenye nyuzi 27 za Selsiasi, ambalo ni joto la kawaida la vyumba vya Dar es Salaam au Mombasa usiku wa msimu wa joto, yai huchukua siku 6 hivi. Kwenye nyuzi 23 huwa siku 9 au 10. Kwenye 18, kama vyumba vingi vya Njombe au Limuru wakati wa baridi, zinaweza kufika 20. Shika tarakimu hizi, tutazihitaji kwenye kupuliza.

Anayetoka kwenye yai ni tunutu, kunguni mdogo wa milimita 1.5, mwenye umbo la mzazi wake ila karibu hana rangi. Juu ya shuka jeupe macho yanampita. Ana hatua tano za kupitia kabla ya kupevuka, na hapa mfano wa shule unafaa: ni madarasa matano, na karo ya kila darasa ni mlo mmoja wa damu. Asiyelipa hapandi, anabaki darasani akisubiri, hata kwa majuma mengi. Akilipa, hujivua gamba na kuongezeka kimo, kutoka milimita 1.5 hadi 4.5, kisha anapevuka akiwa na milimita 5 hadi 7, rangi ya kahawia, bapa kiasi cha kupita kwenye ufa wa unene wa kadi ya benki.

Yale magamba yaliyovuliwa, mepesi, ya rangi ya asali, ni ushahidi mzuri kuliko kuumwa. Kila kunguni aliyepevuka ameacha magamba matano mahali fulani.

Palipo na joto na mtu wa kuumwa kila usiku, safari ya kutoka yai hadi mzazi huchukua wiki nne hadi sita. Penye baridi huweza kuvuta miezi mitatu au minne. Kwa hiyo kunguni wa pwani na kunguni wa nyanda za juu hawaendi kwa saa moja, na mtu wa Makambako akifuata ratiba aliyopewa na ndugu yake wa Kigamboni atakosea.

Chakula chenyewe hakichukui muda. Kunguni huvutwa na hewa unayoitoa puani, joto la mwili na harufu yake, mara nyingi katika saa za kabla ya alfajiri. Mdomo wake ni mrija unaokunjwa chini ya kichwa. Akiuchomeka, njia moja inaingiza mate yanayozuia damu kuganda na nyingine inafyonza. Kwa dakika 5 hadi 10 tumbo linavimba, linarefuka, linageuka jekundu, kisha anashuka polepole kurudi mafichoni. Huko hukaa siku 3 hadi 7 akimeng'enya kabla ya kutoka tena. Ndiyo maana ukiwasha taa usiku ukawaona wanne, usiseme ninao wanne. Walio wengi usiku huo hawakuwa na njaa.

Jike mmoja anatosha

Watu wengi hudhani chumba hujaa kunguni kwa sababu wengi waliingia. Si lazima. Jike mmoja aliyekwishapandwa, akiingia na sanduku la bati la mwanafunzi, begi lililowekwa chini ya kiti cha basi la mkoani au sofa ya mtumba, anatosha kuanzisha kila kitu. Ana akiba ya mbegu za dume mwilini ya kumtosha wiki tano au sita. Mbegu zinapokaribia kumwishia, wanawe madume wa kwanza wameshapevuka, nao humpanda mama yao. Kwa wanyama wengi uzao wa namna hiyo ungedhoofika. Kunguni unamwathiri kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walipochunguza vinasaba vya kunguni katika majengo ya ghorofa, walikuta wengi wa jengo moja wametokana na majike wachache sana, pengine mmoja.

Upandaji wenyewe ni wa ajabu. Dume hatumii njia ya uzazi ya jike; humtoboa tumboni kwa kiungo chenye ncha kali na kuacha mbegu humo. Jike hujeruhiwa, na akipandwa mara nyingi mno umri wake hupungua. Basi aliyeshiba hujitenga na kundi, na kujitenga huko kunamfikisha kwenye pazia, kabati, soketi au chumba cha pili. Mwenye kueneza kunguni nyumbani mara nyingi ni jike anayekimbia madume.

Sasa tupige hesabu, ya karatasi tu. Chukua jike anayetaga mayai 2 kwa siku (uwezo wake ni 1 hadi 5, na 200 hadi 500 maishani), nusu ya watoto wawe majike, kila mmoja apevuke kwa siku 42, na asife yeyote. Siku ya 30 una mayai na tunutu 60, karibu wote wadogo wasioonekana. Siku ya 42 ni 84, na huo ndio wakati binti wa kwanza anaanza kutaga. Siku ya 60 wamepita 440. Siku ya 84, yaani wiki kumi na mbili, wamepita 1,900.

Chumbani wengi hufa njiani, hivyo usichukue tarakimu hizi kama sensa. Angalia umbo lake: wiki sita za kwanza panaonekana kimya, kisha ghafla mambo yanalipuka. Mtu anayesema "wamezuka wiki hii" huwa anaishi nao mwezi wa pili au wa tatu.

Mwanzoni karibu wote wako kitandani na nusu mita kuzunguka kitanda. Kinyesi chao, yale madoa meusi yanayosambaa kwenye kitambaa kama wino, kina kemikali iitwayo histamini, nayo huwaambia wengine kwamba hapa ndipo pa kukaa; ndiyo maana utakuta kona moja imejaa na nyingine safi. Kitanda kikizidiwa wanahamia kwenye mikunjo ya chandarua, nyuma ya picha za ukutani, kwenye maungio ya dari na kwenye soketi. Nyumba za vyumba vya mstari, zenye ukuta usiofika juu au bomba la nyaya linalopita kutoka chumba hadi chumba, hapo ndipo mpangaji wa chumba cha pili anapoingizwa kwenye tatizo asilolianzisha.

Tunayoambiana

*Kunguni ni uchafu.* Hapana. Paris ilipoingia taharuki ya kunguni mwaka 2023, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki, walilalamikiwa kwenye treni na majumba ya sinema. Vurugu ya vitu chumbani humpa maficho zaidi na kukuchelewesha kumwona, basi. Kibaya zaidi ni aibu inayoletwa na imani hii, maana inamfanya mtu anyamaze hadi wiki ya kumi na mbili.

*Wanaambukiza UKIMWI.* Hakuna mtu aliyethibitika kuambukizwa virusi vya UKIMWI au homa ya ini na kunguni. Madhara yake ni mengine, nayo si madogo: usingizi kukatika, mikwaruzo inayoingia vijidudu na kutunga usaha, na palipo na kunguni wengi mno, upungufu wa damu kwa watoto na wazee.

*Mimi siumwi, ni mke wangu tu.* Huenda nawe unaumwa. Ngozi nyingine haziitikii mate ya kunguni kabisa, na nyingine huitikia baada ya siku kadhaa. Vipele peke yake havithibitishi kitu. Mbu, viroboto na upele huleta vinavyofanana. Tafuta magamba, madoa na mayai.

*Vyandarua vya serikali vinaleta kunguni.* Hili lina historia ya kweli ndani yake, kwa hiyo tusilifukuze haraka. Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kutumika vijijini, kunguni walipungua sana. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha hivyo. Baada ya miaka walianza kuonekana tena, na utafiti mwingine wa Tanzania, wa mwaka 2002, ulikuta kunguni wa ukanda wa joto wenye usugu katika vijiji vilivyotumia vyandarua hivyo kwa muda mrefu. Chandarua hakikuwaleta. Kiliwaua wanyonge, wakabaki wasioiogopa dawa ile, nao wakazaa. Endelea kulala ndani ya chandarua, malaria haina mzaha.

Usugu wenyewe si wa jana. Wanamaji wa Marekani waliokuwa Pearl Harbor, Hawaii, waliona DDT ikishindwa kuua kunguni mwaka 1947, miaka michache tu baada ya kusifiwa kuwa dawa ya kila mdudu. Siku hizi dawa nyingi za dukani ni za kundi la pairethroidi, ambazo ni nakala za kiwandani za sumu iliyomo kwenye ua la pareto, lilelile linalolimwa Iringa, Mbeya na nyanda za juu za Kenya. Soma lebo: jina la kiambato likiishia na "thrin" (permethrin, cypermethrin, deltamethrin), ni kundi hilo. Kubadilisha chupa nyekundu kwa ya bluu huku zote zikiishia na "thrin" ni kununua dawa ileile mara mbili.

*Anika godoro juani.* Jua linachoma uso wa godoro. Aliyeko ndani ya mshono wa upande wa kivuli haguswi. *Hama chumba wafe njaa.* Mzazi anaweza kukaa bila kula miezi miwili au mitatu penye joto, na karibu mwaka penye baridi. Likizo ya mwezi mmoja haimalizi kunguni wa bweni; shule ikifunguliwa wanakuta karo mpya. *Mafuta ya taa.* Yanaua aliyelowa tu, yanaacha mayai, na yamechoma nyumba.

Yapo mawili ya kuogopwa kabisa. La kwanza ni sumu za mashambani zinazomiminwa kwenye vichupa visivyo na lebo na kuuzwa stendi au na wachuuzi. La pili ni vidonge vya kuhifadhia nafaka ghalani: vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, ambayo hupita chini ya mlango na kuua watu waliolala chumba cha pili. Nunua yenye lebo inayosema ni ya matumizi ya ndani ya nyumba na yenye namba ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya.

Kupuliza kwa kufuata kalenda

Kabla ya dawa kuna kazi ya mikono, na hiyo ndiyo inayomaliza mayai. Joto la nyuzi 60 huua hatua zote, yai likiwemo. Asiye na mashine ya kufulia achanganye lita 10 za maji yanayochemka na lita 10 za bomba. Atapata nyuzi 60 hivi. Penye baridi aongeze ya moto kidogo. Tumbukiza nguo na mashuka, usijaze ndoo, maana nguo nyingi hupoza maji, funika na uache nusu saa. Nguo zifungwe kwenye mifuko humo chumbani kabla hazijatoka. Kuzibeba mikononi hadi uani ni kudondosha kunguni ukumbini. Zisizofulika zipigwe pasi ya moto, hasa kwenye mishono.

Kitanda kifunguliwe chote. Si kukisogeza: kufungua skrubu, kutoa chaga moja moja, kutenganisha mifumbati na matendegu. Pitisha kadi ya zamani kwenye kila ufa huku ukimulika tochi kwa ubavu, kisha toa mbao nje uzimwagie maji yanayochemka kwenye maungio. Hapa ndipo watu wengi hushindwa. Wanapuliza juu ya kitanda kilichosimama, dawa inalowesha mbao kwa nje, na kunguni wako ndani ya tundu la skrubu sentimita mbili kutoka hapo.

Kisha dawa, kwa kipimo cha lebo: nyufa, maungio, sehemu ya chini ya ukuta inapokutana na sakafu, nyuma ya kabati. Ile ya kopo inayojaza moshi chumba kizima haiingii kwenye nyufa, inawafukuza tu. Usipige deki wala kufuta kuta ulizopuliza, kwa sababu tunutu atakayeanguliwa baadaye anapaswa kutembea juu ya dawa iliyokauka. Godoro likikauka lifungwe ndani ya gamba la plastiki lisilo na tundu, na kitanda kikae sentimita 15 mbali na ukuta, kila tendegu ndani ya kopo la maji ya sabuni, shuka na chandarua visiguse sakafu. Ulale humohumo. Ukihamia sebuleni utawafundisha njia ya sebuleni.

Hiyo ni siku ya 0. Mayai yaliyobaki yatamaliza kuanguliwa kati ya siku ya 6 na ya 10 kwa pwani, na hapo ndipo mwenye nyumba anaposema wamerudi. Puliza tena siku ya 12 hadi 14: mayai yote ya zamani yameshaanguliwa, na hakuna hata tunutu mmoja wa mayai hayo aliyefika umri wa kutaga. Hili ndilo dirisha lote la ushindi, na linafungwa kwenye wiki ya nne. Nyanda za baridi sogeza hadi siku ya 21 au 22, kwa sababu ukipuliza siku ya 12 Njombe mayai mengine bado hayajapasuka. Mara ya tatu ni wiki mbili baadaye, kwa wale uliowakosa. Na chumba kinachopakana ukuta na chako kikaguliwe siku ile ya 0, si baadaye, hata kama jirani anaapa hana.

Baada ya hapo badilisha shuka liwe jeupe, futa madoa ya zamani kwenye chaga kwa maji ya sabuni ili doa jipya lijulikane, na kagua maungio mara moja kwa wiki kwa tochi. Miezi miwili bila doa, gamba wala kipele, chumba kimepona. Doa likitokea siku ya 40, hiyo inakuwa siku ya 0 mpya, na dawa safari hii iwe ya kundi jingine.